Tairi la Nne ni la Nani?

Shosti, acha unachofanya usome hii.

Si nilikwambia gari langu tangu Jumatatu linavuta kushoto? Ukilegeza usukani kidogo tu, linakupeleka mtaroni.

Leo nimelipeleka kwa fundi. Nikamsimamia kichwani, maana unanijua, mafundi siwaamini hata wakiwa wamelala.

Akapima upepo, sawa. Akatikisa magurudumu, sawa. Nikasema haya, sasa atanibunia ugonjwa. Kumbe akabadilisha matairi ya mbele, la kushoto akalipeleka kulia, la kulia kushoto, tukazunguka mtaa.

Shosti, gari likavuta KULIA!

"Mama, gari lako ni zima," fundi akasema. "Tairi ndilo linaloumwa."

Akalifuta matope. Limelika upande wa ndani mpaka linang'aa! Nikamwambia haiwezekani, yote manne niliyanunua mapya siku moja.

Akacheka. "Matatu ni ndugu, mama. Hili la nne ni mtoto wa nje."

Mtoto wa nje! Kwenye gari langu mimi!

Nikataka kumrukia, nikidhani kanibadilishia yeye. Lakini gari lilifika kwake likiwa tayari linavuta, na macho sikumwondolea.

Sasa nimekaa hapa gereji nawaza. Gari langu siliazimi mtu. Isipokuwa Jumapili, mumeo alipolichukua akasema anawahi msibani.

Shosti, nauliza tu. Lile gari lake tulilokuwa tunalicheka kwa kuvuta kushoto, siku hizi linakwendaje?

Tiki za buluu nimeziona. Jibu.