Mbuzi wa Mwenyekiti Bustanini

Nduguti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Je, mguu wa Mama umepona? Mimi na Shangazi tu wazima, ila upepo wa mwezi huu umetujaza vumbi hadi kwenye uji.

Barua yako nimeipata. Unasema mwenyekiti wetu wa kijiji amekuandikia kwamba sina adabu, kwa hiyo nimwombe radhi, kisha nipande lori la Jumamosi nirudi Mtinko. Baba, unanijua, mimi si msemaji. Ndiyo maana naandika.

Tangu nimalize darasa la saba, kina mama wa bustani ya kijiji wamenifanya katibu wao, maana kilimo cha mboga nilijifunza shuleni na kuandika najua. Tunamwagilia kabichi kwa vibuyu, asubuhi na jioni, na kisima kiko mbali. Mwenyekiti mwenyewe alitoa shauri mkutanoni: mnyama akiingia bustanini afungwe pale ofisi ya kijiji, mpaka mwenye mnyama aje kumchukua mbele ya watu. Nikaandika kwenye daftari la mikutano.

Mbuzi wake waliingia mara mbili. Kina mama wakawafukuza tu, hakuna aliyethubutu kuwafunga. Mara ya tatu walimaliza tuta zima. Nikawafunga wanne, nikawakokota hadi ofisini.

Mwenyekiti akaja. Nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba. Haya, wafungue hao!"

Nikafungua daftari, nikamsomea maneno yake. Nilisoma hadi mwisho.

"Mbuzi wanajua mikutano?" akafoka.

"Hawajui," Shangazi akamjibu kutoka kundi la kina mama. "Lakini wewe, Ndugu Mwenyekiti, si ulikuwepo?"

Watu wakacheka. Akaahidi kuwajengea mbuzi wake zizi, ndipo nikampa kamba. Zizi hajajenga. Amekuandikia wewe.

Baba, nikiondoka, nani atathubutu kuwafunga? Kina mama wamekwisha kupanda upya. Kwa jambo jingine lolote nitakutii, lakini radhi hii siombi, na Jumamosi lori litapita bila mimi. Ukiona nimekosa, njoo uniambie. Nitakusikiliza nikiwa nimepiga goti, na sitahama.

Nisalimie Mama, Bibi mzaa baba, na kaka yangu anayechunga.

Naachia hapa. Shangazi anapiga kelele kwamba mbuzi wa mwenyekiti wameingia tena bustanini. Naenda kuwafunga.

Binti yako,
Rehema