Kila Mtu na Kipande Chake

Mmbone mjukuu wangu,

Sisi huku Iguhu tuko wazima. Babu yako anakohoa lakini sahani anamaliza, na ng'ombe amezaa. Sasa wewe. Unasema umepewa cheo cha kusimamia watu wa kompyuta, lakini unataka kuacha kazi kwa sababu kila mkubwa anakutuma lake na hujui lipi ni lako. Umewauliza, ama unalialia tu?

Uhuru ulipoingia, hapa kijijini tulinunua pamoja mashine ya kusaga mahindi, nikawekwa msimamizi. Mwenyekiti akasema nipokee mahindi. Katibu akasema nichunge injini. Injini ikizima, wote wawili wananigeukia: "Msimamizi, ulikuwa wapi?" Nilirudi nyumbani nimenuna mpaka watoto wakanikwepa. Nilitaka kuacha, kama wewe.

Siku moja foleni ikiwa ndefu, nikazima mashine mwenyewe. Nikawaambia wale wawili, "Hata kuku akipikwa, kila mtu anajua kipande chake. Firigisi ni ya mwenye boma, hakuna anayeuliza. Mimi changu ni kipi?"

Mama mmoja akapaza sauti, "Mjibuni tusage, watoto wana njaa."

Wakanipa injini. Mahindi akachukua katibu. Kazi haikuwa nyepesi, mafuta yalinipaka mpaka kwenye viwiko, lakini asubuhi nilifungua ule mlango nikiimba.

Basi waite wakubwa wako, wakae pamoja, uwaulize wote wakisikia. Mimi walinijibu nikiwa sina hata viatu. Wewe na shule yako yote watakunyima?

Kukhu wako, bibi anayekupenda hata akikugombeza.