Gari la Ukweni

Mama yangu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia kwanza.

Nakuandikia nikiwa Mkomaindo, katika nyumba ileile uliyonileta nikiwa mwali. Nataka tulizungumze lile gari, maana ulipokuwa hai hatukulizungumza hata mara moja.

Ulikuwa mjane wa Makote mwenye mikorosho mizuri. Soko la korosho lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda Newala na magari yao, ukasema umechoka kubembeleza watu wakubebee magunia. Ulitaka gari lako, la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lipite kwenye mchanga wetu na kupanda mlima hata masika. Jipya hukuliweza. Ukaenda stendi ukawauliza madereva mmoja baada ya mwingine: mtu anayenunua gari kuukuu aangalie nini? Nilikuwa nimekuja kukusalimu, mke mpya wa watu, tukakaa jikoni tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, ukanifundisha kana kwamba unanifunda upya.

"Nenda asubuhi, Asumini, kabla halijawashwa. Gusa boneti. Likiwa la moto, ujue wameshaliamsha ili usione ubishi wake. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta povu kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, aga uondoke. Likiwashwa tazama moshi. Ukiwa wa buluu, linakula oili. Fowili iingizwe mchangani uione inavuta, usikubali kuambiwa tu kwamba ipo. Halafu lala chini. Chesisi ndiyo uti wa mgongo. Kama imechomelewa, hilo si gari, ni kaburi."

Tulicheka sana. Siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Kisha baba mkwe wangu, Mzee Saidi, akapata habari. Alikuwa na gari la namna hiyohiyo. Akakutumia salamu: kwa nini mkwe ahangaike na watu baki, na langu lipo?

Ulikuja asubuhi, kama ulivyofundishwa. Uliweka kiganja kwenye boneti ukakiondoa upesi.

"Nimetoka nalo sokoni sasa hivi," Mzee Saidi akasema.

Uliuliza habari ya fowili. Akasema giya hiyo haitumiwi kiangazi, inachakaa bure. Ulizunguka nyuma, ukainama kidogo tu, kama mtu aliyeangusha kitu. Hata mimi niliyesimama mbali nilisikia harufu ya rangi mbichi kule chini. Hamisi mume wangu na ndugu zake walikuwa wamejipanga wanakutazama. Wanawake wa nyumba walikuwa barazani wanakutazama. Nilikuletea maji ya kunawa nikakunong'oneza:

"Mama, lala chini uangalie."

"Nikilala chini ya gari la mkwe," ukanijibu taratibu, "wewe utalala wapi?"

Ukanawa. Ukamgeukia Mzee Saidi, ukamhesabia fedha zake ukasema, "Gari zuri, mkwe. Mungu akubariki."

Masika ya kwanza lilikukatikia mlimani. Dereva uliyemwajiri aliingiza fowili, magurudumu ya mbele hayakuvuta, gari likarudi kinyumenyume, na lilipogonga ukingo chesisi ikavunjika nyuma ya kabini. Watu waliokuwa juu ya magunia waliruka, wakapona. Wewe walikuchomoa dirishani, milango imebana. Habari hizo nilizipata kwa wauza mihogo. Huku ukweni hukuleta mjumbe.

Sikukuu ilipofika ulikuja kutusalimu. Ulikuja kwa lori la watu, umesimama juu ya magunia, bega likiwa bado halinyanyuki. Nilikuwa naingia na sinia la chai Mzee Saidi alipokuuliza, "Gari linakwendaje, mkwe?"

"Linakwenda, mkwe. Tunashukuru."

Tangu hapo hilo likawa jibu letu. Majirani wakiniuliza gari la mama, linakwenda. Mawifi wakiniuliza, linakwenda. Na kule Makote lilikuwa uani kwako, limewekwa juu ya magogo, umeanika makopa ya muhogo juu ya boneti.

Hamisi alipooa mke wa pili akamleta chumba cha pili, nilifunga nguo zangu kwenye kanga. Nilifika mpaka mlangoni. Nikakuona mawazoni, Mama, unachomolewa dirishani. Nikajiuliza, nikiondoka leo, yale yote uliyanyamazia nini? Nikazirudisha nguo sandukuni. Mara ya pili nilipozifunga, hata mlangoni sikufika. Mama, ulininunulia amani, na amani ile ikanifungia ndani.

Mwisho Mzee Saidi alikuja Makote mwenyewe. Alifiwa Newala, nikafuatana naye mazikoni, na tulipomaliza akasema si adabu kupita bila kumsalimu mkwe. Nilitafuta kila sababu ya kumzuia. Tulipofika uani alisimama mbele ya lile gari. Wewe ukatoka jikoni unafuta mikono, ukamkaribisha, ukamwekea kiti. Hakukaa. Alivua kofia, akalala chini na kanzu yake nyeupe, akajiburuza mpaka chini ya kabini. Akakaa huko. Alipotoka, kutu ilikuwa imemwingia kwenye ndevu.

"Mama Asumini," akasema, "hili gari nilikuwa nalijua."

"Na mimi nilikuwa nalijua, mkwe," ukasema. "Karibu chakula."

Mlikula. Niliwanawisha mikono wote wawili. Njiani kurudi alilia, nami niliangalia barabara.

Ulipofariki hakuchelewa kukufuata. Wiki iliyopita nilikuja Makote. Nilikuwa nimesikia mjomba amewauzia gari watu wa chuma chakavu. Wamelikata vipandevipande, limebaki doa la oili mchangani. Nilikuwa nimefunga nguo zangu, Mama, safari hii nilivuka mlango. Nilidhani gari likiondoka nami nitakuwa huru. Lakini ndani ya nyumba yako wanakaa mjomba na wakeze, na chumbani kwangu wameweka magunia. Walinikaribisha vizuri. Wakaniuliza narudi kwangu lini.

Nimerudi. Hamisi hakuuliza nilikuwa wapi.

Lala salama, Mama. Wewe umetoka.

Mimi mwanao,
Asumini