Kiondo Kisicho na Mkanda

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Nikianza kwa Kikamba nitalia, na tangu tukuzike sijalia. Watu wameniangalia usoni wakingoja. Mdogo wako Kalekye amesema nina moyo wa jiwe. Si jiwe, Mwaitu. Ndani hamna kitu tu.

Barua ya kazi imefika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Jumapili baada ya ibada, mzee wa kanisa aligawa barua za sanduku la posta kama kawaida. Alipoifikia yangu aliigeuza, akaona muhuri wa chama cha kahawa cha Kikima, akatangaza mwenyewe, "Hii ni ile kazi ya ukarani!" Wakapiga makofi. Nikaenda mbele, nikaichukua, nikarudi kukaa. Nafasi yako kwenye benchi hakuna aliyeikalia.

Unakumbuka siku niliyotoka Kikima na neno la mdomo? Katibu wa chama alinishika mkono, akasema, "Kazi ni yako, wewe ngoja barua tu." Nilishuka milima ya Mbooni nikiimba. Nilitaka kumwambia mwenye hoteli pale Tawa atafute mtu mwingine wa kumpikia chai. Nilitaka tuchinje jogoo, nawe utoe ushuhuda kanisani. Ulikuwa shambani unapanda mbaazi kwenye vumbi, mvua haijanyesha hata tone. Hukuinua mgongo. Ukasema, "Msichana hata akisifiwa na ukoo mzima, anakula kwa mama yake mpaka mbuzi wa ntheo waingie uani."

Kwetu bila mbuzi hao kuletwa na upande wa mume hakuna ndoa, hata kama watoto wamezaliwa. Nilikuelewa: kesho niamkie chai ya watu, na nifunge mdomo.

Nilikujibu kwa hasira kwamba wewe mwenyewe unazika mbegu kwa kuamini mawingu. Ukacheka mpaka ukashika kiuno. "Mawingu nimeyajua tangu nizaliwe. Huyo katibu wako nimemjua lini?"

Basi tukangoja. Kila Jumapili majina yaliitwa na langu halikuwemo. Nilipotaka kwenda kumuuliza katibu kama amenisahau, hukunikataza. Ulisema nimsalimie kwa heshima, niulize mara moja, nirudi nyumbani. Akaniambia kamati bado haijakaa. "Umeona? Hajakukataa," ukasema. "Kula, ulale." Ukaendelea kusuka kiondo chako, kile chenye mistari ya zambarau. Nilikuuliza ni cha nani, ukasema ni cha kuuza sokoni. Nilikuona mgumu, Mwaitu. Nilidhani ninangoja peke yangu.

Halafu presha ikakuangusha jikoni, sufuria ya muthokoi ikiwa motoni. Majirani waliiepua. Sijui nani aliula.

Watu wa matanga walipokuwa wakitafuta blanketi, Kalekye alikitoa kiondo chini ya kitanda chako. Kilikuwa kimekwisha, umebaki mkanda tu. Akaniwekea mapajani. "Hiki ni chako," akasema. "Alikianza jioni ile ile uliyotoka Kikima. Alinikataza nisikwambie. Mkanda alisema atautia siku barua ikifika."

Kumbe ulikuwa umefurahi. Ulifurahi kabla yangu, ukanificha, ili nikikosa nisikukute na wewe umevunjika. Nilikaa nikingoja nisikie uchungu. Nilisikia harufu ya katani tu.

Mvua imenyesha. Mbaazi zako zimeota, kwa mistari yako ile isiyonyooka. Mwenye hoteli nimemuaga vizuri, barua ikiwa mkononi, kama ulivyotaka, na amenifungia sukari na majani ya chai. Jogoo bado yuko, anapanda juu ya meza sasa kwa kuwa hakuna wa kumfukuza. Nawapikia wanaokuja kunipa pole, naosha vyombo, nalala. Naanza kazi Jumatatu.

Jana nilikitia kiondo mkanda. Unaijua mikono yangu. Nimeutia vibaya, kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kalekye alitaka kuufumua aushone upya, nikakataa. Ungenicheka. Hilo ndilo ninalolitamani kuliko kazi, unicheke.

Lala, Mwaitu. Nakuahidi nitakibeba hivi hivi kilivyo, na kazi ya watu nitaifanya bila kukuaibisha. Jumatatu, kabla sijapanda Kikima, nitapitia kaburini kwako na kiondo begani, nikwambie kwa Kikamba kwamba mbuzi wameingia uani. Nitapita mapema, njia ikiwa bado haina watu, kwa sababu hapo najua nitalia.

Mwanao,
Mwende