Sale Kwenye Meza ya Maji

Kiboriloni, Moshi
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Naomba karatasi hii ikukute homa imekwisha, na joto la Kahe limepungua hata ukaweza kulala bila kumwagia sakafu maji. Mimi mwili ni mzima, isipokuwa kucha za vidole vya miguu zimeng'oka, na kwa mkimbiaji huo si ugonjwa. Rafiki yangu Loveness, ambaye bado nimefikia kwao, anakusalimu sana, na mama yake vilevile. Ningepiga simu, lakini simu unayopokelea huko ni ya Mama Fredy, na unajua anavyoiweka sauti ya juu hata kuku wa jirani wapate habari. Haya ninayoandika uyasome peke yako.

Najua umeshasikia kwamba sikushinda. Acha nikueleze mwenyewe siku ilivyokwenda, maana huku kila mtu anaisimulia anavyopenda.

Marathoni, Mama, nusu yake ni kupanga foleni. Nilipanga kuchukua namba ya kifuani, nikapanga tena kubadilisha kile kidude cha kupima muda kinachofungwa kwenye kamba za kiatu, kwa sababu nilichopewa kilikuwa na jina la mwanamume wa Tanga. Jumamosi nikahamia hapa kwa Loveness, maana barabara hufungwa alfajiri, na ukilala mbali na mjini siku hiyo mbio utaziona kwenye runinga. Mama yake alinipikia mtori mzito wa ndizi na nyama, akanuna nilipoukataa, akauliza tangu lini Mchagga akaenda kazini bila mtori. Nikanywa chai na mkate. Uwanjani kulikuwa na foleni ya choo iliyozidi zote, kisha foleni ya kukabidhi mkoba kwenye hema la mizigo. Nilipofika mstari wa kuanzia niliona kama kazi kubwa nimeshaifanya.

Sisi wa kundi la mbele tunaruhusiwa kuweka chupa zetu kwenye meza za maji. Yangu ilikuwa ya uji mwepesi wenye asali, nikaiweka meza ya juu kabisa kwenye mlima wa Mweka, mahali nilipojua nitaishiwa nguvu. Loveness aliifunga kitambaa chekundu ili niione kwa mbali, akaipeleka. Meza hiyo mwaka huu walipewa watu wa usharika wetu waihudumie. Niliona ni bahati njema, kwa kuwa watu wa nyumbani hawamnyimi mtu maji.

Nilichokuwa nakifukuzia unakijua. Timu moja ya Arusha ilisema itawaajiri Watanzania watatu wa kwanza kwa upande wa wanawake. Ningepata kazi, tungepata wakili, kesi yako ya kihamba, shamba letu la ukoo, isingekwama kwenye baraza la ardhi, nawe ungerudi Mwika kwenye migomba yako na kwenye kaburi la baba. Tangu siku ile tulipoondoa matanga, Baba Mdogo Eliezeri akakutoa pale akisema mjane asiye na mtoto wa kiume hana cha kulinda, sijawahi kukimbia kwa sababu nyingine.

Tambarare nilikwenda vizuri. Tuliporudi mjini na kuanza kupanda nilikuwa wa tatu, na mbele yangu niliona migongo miwili tu. Nilipoikaribia meza ya juu nikakiona kitambaa chekundu. Aliyeshika chupa alikuwa Baba Mdogo Eliezeri, amevaa fulana ya wahudumu juu ya shati lake la kanisani. Mkono wa pili alishika jani la sale, lile la kuombea msamaha.

Alizungumza Kichagga, kwa upole kama mtu anayeazima chumvi. Alisema amenikosea mimi na nyumba ya kaka yake, na kwamba amekuja kuomba. Wazee waliokuwa pale wakavua kofia. Kwetu sale haipitwi, hata akija nayo mwenye damu mikononi. Nikasimama, nikaipokea kwa mikono miwili. Kina mama wakapiga vigelegele, na vigelegele vikiendelea wanawake wawili wakanipita. Nilipotaka kuendelea miguu ilikuwa imeganda. Nilimaliza natembea, nikavishwa medali ileile wanayovishwa wote.

Jumatatu aliniita Mzee Yoramu. Yeye, kama unavyokumbuka, ndiye mzee pekee wa ukoo aliyeahidi kusimama barazani aeleze kwamba babu alimkatia baba sehemu ile akiwa hai. Alinipongeza, akanikaribisha pombe ya mbege, kisha akasema ushahidi wake sasa basi, kwa kuwa jambo lililofungwa kwa sale halipelekwi kwa hakimu. Nikamwambia mwenye kesi ni wewe, si mimi. Akajibu kwamba wewe uliolewa tu katika ukoo, damu ya marehemu ni mimi, na nikipokea mimi nyumba nzima imepokea. Nikauliza kama basi Baba Mdogo atarudisha kihamba. Akasema sale huondoa ugomvi, haigawi ardhi. Baba Mdogo atabaki alipo, nawe utakaribishwa Desemba kama wageni wengine kuweka maua kaburini.

Loveness hajaacha kulia, maana yeye ndiye aliyemwambia Baba Mdogo chupa yangu itakuwa wapi. Baba Mdogo alimuuliza kanisani, vizuri tu, kama mzazi anayetaka kujua mtoto wake atakunywa nini njiani. Nimembembeleza anyamaze. Hata mimi, mzazi wa mwenzangu angeniuliza hivyo, ningemjibu.

Huku nasifiwa kupita kiasi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wananiambia, na wananipigapiga begani. Mchungaji ameniahidi kwamba Jumapili atanitaja katika mahubiri, binti aliyeacha ushindi kwa ajili ya upatanisho. Sijui nitajificha wapi.

Mama, sikusimama kwa sababu ya mila. Kabla sijaifikia ile meza nilikuwa nimekwisha. Paja lilikuwa limekaza, wale wawili nilisikia pumzi zao mgongoni, na moyoni nilikuwa namwomba Mungu anipe sababu ya kusimama ambayo haitaniaibisha. Nilipoiona ile sale nilifurahi. Nilimjua aliyeishika, nilijua anachotaka, na nilikumbuka ulivyoniambia kwamba sale ya mtu huyu nisiiguse hata akija amepiga magoti. Ningeweza kupita, na hakuna mzee ambaye angenilaumu, kwa sababu sale huletwa nyumbani kwa mtu, haimvizii barabarani. Niliipokea ili nipumzike. Kihamba chako nimekiuza kwa kupumzika, Mama, na nilikuwa nimeshashindwa hata kabla ya hapo.

Jumamosi Baba Mdogo na wazee watakuja huko Kahe na mbege na mbuzi, wafunge jambo lao. Ukiwafukuza watasema mjane ndiye mkorofi. Ukiwakaribisha, yamekwisha. Nimetafuta njia nyingine tangu Jumatatu na sijaiona. Timu imeshachukua watu wake. Wiki ijayo naenda Mabogini kupandikiza mpunga, nikitoka huko nitakuja tukae wote hapo ulipopanga, ikiwa utataka kuniona.

Sikuombi msamaha. Najua ungenipa hata kabla sijamaliza kuomba, kwa kuwa huna mtoto mwingine, na watu wameshakuchukulia vya kutosha kwa kukuomba.

Nisalimie Mama Fredy na majirani wote wa uani. Dawa uzinywe mpaka ziishe, usiziache ukiona nafuu. Bwana akutunze kuliko nilivyokutunza mimi.

Mwanao,
Elinipendo