Laini Inayokatika Mwisho wa Mwezi

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na miguu imepungua uvimbe. Mimi mzima, ila nimechoka mpaka macho yanawasha.

Niliona haya wiki iliyopita ulipoingia ofisini na karatasi za taarifa ya mwezi ya zahanati kwenye mfuko wa plastiki. Nesi mzima anasafiri kutwa kwa sababu seva anayoitunza mwanawe haisikii! Ni kompyuta kongwe, Mama. Imezoea kompyuta za vyumba vya jirani, zinazojibu papo hapo. Nyinyi wa mbali mnapiga kwa laini ya simu, taarifa inakuja ikichechemea, yenyewe inadhani mmenyamaza na kuwakatia. Sasa nimeiongezea muda wa kusubiri, na itapokea taarifa vipande vidogo vidogo. Mwezi huu utatuma ukiwa umekaa kitini.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mie sijambo, ni uchovu tu uleule. Habari za kwako? Unakula?

Laini imekatika tena katikati ya taarifa. Usijisumbue sana, baba. Utaratibu si upo? Laini ikigoma, karatasi zinaletwa kwa mkono. Nakuja Alhamisi na gari la dawa. Tutakula pamoja, na niwekee yale mashati yasiyo na vifungo.

Mama yako

28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Za kazi? Mimi nasukuma siku tu.

Zahanati nyingine zote zinapita sasa. Nimebadilisha modemu, kile kifaa kinachounganisha seva na simu, nimepunguza wanaopiga kwa wakati mmoja, sina tena cha kugusa. Yako tu ndiyo inagoma, na mkuu wa idara ameishiwa uvumilivu. Amesema ikikatika tena kwenye taarifa ya mwezi huu, zahanati yenu inafungwa na wagonjwa wanahamishiwa ile kubwa ya njia panda. Sikutishi, nimemsikia kwa masikio yangu.

Jana mlipofanya jaribio nilikaa mbele ya seva. Ilikusubiri vizuri kabisa. Simu ilikatwa upande wenu. Mama, nani anachomoa waya?

Mwanao

1 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ni mimi.

Usimtafute panya wala fundi wa simu. Taarifa ikifika nusu, nauchomoa waya kwa mkono wangu. Nilijua nikituma kwa laini sitakuwa na sababu ya kupanda gari la dawa, na ruhusa nyingine hawanipi. Kila nikikuuliza unakuja lini nyumbani, unasema seva haiwezi kuachwa. Mwaka wa tatu huu, tangu tumzike baba yako. Naichukia hiyo seva yako, nakwambia kweli. Nilitaka kukuona, basi.

Lakini siwezi kuwatembeza wajawazito hadi njia panda kwa ajili ya moyo wangu. Leo nimetuma, nikaweka mikono mapajani mpaka ikaisha. Haikukatika. Hongera, baba, umefanya kazi nzuri. Sitakuja tena.

Mama yako

9 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Taarifa yako ilifika yote. Mkuu alinipa mkono mbele ya ofisi nzima, nami nikashindwa hata kutabasamu. Siku zote hizo nilikuwa natengeneza kitu cha kukuzuia usije.

Nimekwenda kumwomba likizo. Akauliza seva nitamwachia nani. Nikamwambia haihitaji mtu tena, na ikikorofisha nitaipigia kutoka zahanati kwa mama, kwa laini ya simu, kama wanavyopiga wengine. Akatia sahihi.

Seva ilikuwa inaachika tangu zamani, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa naogopa kuingia ile nyumba na kukuta kiti cha baba kitupu. Sikuwahi kujiuliza wewe unakaa nacho vipi kila siku, peke yako.

Nakuja Jumamosi. Nitakaa mpaka unichoke.

Mwanao