Taa ya Ukutani kwa Babu Yako

Mjukuu wangu,

Ulisema umeukata ule waya wa pasi. Mwongo mkubwa wewe! Uliufunika kwa plasta ukaenda zako, na miaka minne tumeegemea ukuta wenye umeme kama wajinga.

Sisi hatujambo. Paa limezibwa. Paka amezaa kabatini, juu ya shuka zangu nzuri.

Juzi nilimwita yule mama fundi umeme wa mtaa wa pili aweke taa ukutani, kando ya kitanda cha babu yako, aiunganishe upya laini ile ya pasi. Akabandua plasta, akagusisha testa, ikawaka. Nyaya zote nne nyekundu! Akaniuliza, "Bibi, aliyefunga hapa alikuwa amegombana na nani?"

Nikamwambia, "Na babu yake."

Akazima umeme wa chumba kizima, akasema hagusi kitu mpaka uje umwonyeshe waya upi unakwenda wapi.

Basi chumba, nacho hakina dirisha, ni giza mchana kutwa. Babu yako hainuki tena tangu mwezi uliopita. Mtu akiingia, mzee haoni uso, anauliza tu, "Ni yeye?" Nimechoka kujibu hapana.

Najua alikuita fundi wa kulipua kazi ovyo ovyo mbele za watu. Alikosa. Kosa lako nalo liko ukutani.

Usitume mchoro wala rafiki. Njoo mwenyewe, na kabla hujashika bisibisi, kaa kitandani umsalimie.

Ni mimi, bibi yako